Vifaa vya Boti Vilivyolala Stoo: Mwongozo Kamili wa Kuvipatia Mwenyewe Mpya

Kila mwenye boti ana kona yake. Ukifungua mlango unakutana na tanga lililokunjwa vibaya, nanga ndogo iliyostaafishwa siku ile kubwa iliponunuliwa, mabaki ya kamba, redio iliyotolewa ikiwa bado inaongea na winchi moja ya kuvutia kamba isiyo na mwenzake. Vyote vinafanya kazi, ndiyo maana hukuvitupa. Lakini humo stoo navyo vinakwenda zao: mpira unakauka, uzi wa mshono unaoza, grisi inageuka gundi. Kifaa kizima leo kikikaa misimu mitano bila kuguswa kinaweza kuwa chuma chakavu, huku mahali fulani kuna mtu anamalizia boti yake na kifaa hichohicho ndicho kinachomkwamisha.

Nimepitisha vifaa vingi kwenda kwa watu wengine, na nimekosea vya kutosha kujua kwamba wanaovitaka huwa wapo. Kinachokwamisha ni mambo mawili: mwenye kifaa hajui kipi ni halali kukitoa na kipi ni hatari, na hata akijua, hasemi vipimo. Mwongozo huu umekaa zaidi kwenye hayo mawili.

Hatua ya kwanza: toa vyote nje, kisha tenga vinavyoshika uhai

Usianze na kuuza. Chagua siku isiyo na mvua, tandaza turubai, toa kila kitu. Kisha tenga mafungu matatu: vitu ambavyo mtu atavitegemea siku ya hatari, vitu vyenye sumu au vilivyopigwa marufuku, na vingine vyote. Fungu la tatu ndilo kubwa na ndilo rahisi. Mawili ya kwanza yanataka utulivu.

Jaketi okozi. Kama ni la kujijaza hewa, lifungue lote, usiridhike na sura ya nje. Nililipata somo hili jaketi likiwa tayari mikononi mwa mtu. Kijana alikuwa amekuja kulichukua, amesimama mlangoni, jaketi limening'inia kabatini misimu mitatu na nje linang'aa kama jipya. Kitu kikaniambia nifungue zipu kwanza. Pale kichupa cha gesi kilipokuwa kinagusa kitambaa palikuwa na duara la kutu, ukubwa wa sarafu. Nikalijaza kwa mdomo, nikalizamisha kwenye beseni. Mapovu yakatoka palepale kwenye lile duara, madogo madogo, mfululizo kama shanga. Kijana aliyatazama, akasema tu, "Asante, mzee." Akaondoka mikono mitupu, na sikuwahi kufurahia namna ile kumnyima mtu kitu.

Kwa hiyo pima hivi. Lijaze kwa mdomo kupitia ule mrija wake, liache saa 24 mahali penye joto lisilobadilika sana, likilegea, halifai. Fungua kichupa cha gesi kwa mkono, kiweke kwenye mizani ya jikoni, na ulinganishe na uzito wa jumla uliochongwa kwenye chuma chake. Jaketi la nguvu ya kuelea ya newtoni 150 kwa kawaida hubeba kichupa chenye gramu 33 za gesi, lakini namba ya kufuata ni ile iliyochongwa. Angalia pia tarehe kwenye kifyatuzi, kile kinachotoboa kichupa. Nyingi huisha muda baada ya miaka 3 hadi 5. Kifyatuzi na kichupa hubadilishwa, mfuko uliotoboka haubadilishwi. Jaketi la sponji ni rahisi zaidi: libonyeze kwa vidole, likirudi polepole au likibaki na shimo, limekwisha. Vuta mikanda kwa nguvu zako zote, usione huruma. Jaketi lililoshindwa likate mikanda na kitambaa kabla ya kulitupa, maana mtu anaweza kuliokota jalalani akampa mtoto.

Mtumbwi wa uokozi wa kujijaza upepo hautolewi bila kwenda kwanza kwa fundi aliyeidhinishwa kuukagua. Ukaguzi ukizidi thamani yake, mwambie mpokeaji wazi kwamba ni wa mafunzo tu, na uandike hivyo kwa rangi ubavuni.

Fataki za dharura zina tarehe, kwa kawaida miaka 3 au zaidi kidogo. Zilizopita muda usimpe mtu, usizitupe jalalani wala baharini, na usizilipue kwenye sherehe: anayeziona kutoka mbali hajui kuna sherehe, anajua kuna watu wanakufa. Wasiliana na walinzi wa pwani, bandari au polisi uulize zinapokelewa wapi. Baadhi ya wauzaji huzipokea pia ukinunua mpya.

Kifaa cha EPIRB, kile kinachoita setilaiti boti inapozama, kina mtego wake. Vya zamani vya masafa ya 121.5 MHz pekee havisikiki tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo hicho si msaada kwa mtu hata kama taa yake inawaka. Cha 406 MHz kinaweza kupata mwenyewe mpya, lakini kimesajiliwa kwa jina lako na boti yako. Ukikitoa bila kufuta usajili, siku kikilia waokoaji watakupigia wewe uliyekaa nyumbani. Futa usajili, mpe mpokeaji namba ya kifaa asajili yeye, na akiwa wa nchi nyingine mjulishe kwamba huenda kikahitaji kuprogramiwa upya, kwa sababu namba hiyo imebeba msimbo wa nchi. Kilichokufa kitenganishwe na betri yake kabla ya kutupwa. Vimewahi kulia vikiwa chini ya takataka na kuwatoa waokoaji bure.

Redio ya VHF yenye kitufe chekundu nayo imebeba utambulisho wako: ile namba ya MMSI yenye tarakimu 9. Redio nyingi hukubali kuingiziwa namba hiyo mara moja au mbili tu, kisha hufunga. Jaribu kuifuta, ukishindwa uliza wakala wa kampuni iliyoitengeneza kama anaweza. Andika ukweli huo kwenye tangazo.

Nyaya zinazoshikilia mlingoti usizitoe kwa kazi ileile, hata ziwe zinang'aa. Stenlesi huoza ndani ya kifungio mahali jicho halifiki, na hukatika bila kutoa taarifa. Zitolee kazi za bustani.

Fungu la sumu ni fupi. Makopo ya zamani ya rangi ya chini ya boti yanaweza kuwa na TBT, sumu ya kuzuia viumbe wa majini wasijishike kwenye boti, iliyopigwa marufuku duniani kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Usimpe mtu, peleka kituo cha taka hatarishi. Vizima moto vya haloni, gesi ya zamani ya kuzimia moto, vinakwenda hukohuko. Swichi za zamani za kuelea za pampu za ngama, zile za kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, huweza kuwa na zebaki ndani: ukitikisa ukaona tone la fedha linakimbia kwenye kioo, ziwekee chupa yenye kifuniko. Insulesheni ya zamani ya bomba la moshi inaweza kuwa na asbesto. Usiikwangue, usiikate, ilowanishe, ifunge kwenye plastiki, uulize mamlaka ya mazingira.

Hatua ya pili: safisha na ujaribu, mradi kinastahili

Si kila kifaa kinadai usafi. Fenda ya zamani, ule mpira wa kukinga ubavu wa boti, inatosha kuoshwa kwa sabuni. Nanga inatosha brashi ya waya na maji, kisha utazame kama shina limepinda: ilaze sakafuni na uangalie mstari wake kwa jicho moja. Ambapo saa mbili za kazi hubadilisha kila kitu ni kwenye winchi, tanga na mashine.

Winchi inayonata watu wengi huihesabu mbovu, kumbe ni grisi iliyokauka. Weka boksi la karatasi gumu, ulitoboe katikati, ulivishe chini ya ngoma, ili springi zikiruka zisipotelee majini au chini ya kabati. Fungua, piga picha kila tabaka, osha gia kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Utayakuta yale meno madogo ya kuzuia, kila moja na springi yake nyembamba kama unywele. Hayo hupakwa mafuta mepesi, grisi hapana, maana grisi ndiyo inayoyafanya yagande yakiwa yamejikunja ndani, kisha mkono wa winchi ukageuka ghafla ukampiga mtu. Gia kubwa zipake grisi kidogo, safu nyembamba. Ukizungusha ukasikia tik-tik-tik ya haraka na sawasawa, winchi imepona.

Tanga lifungue uwanjani kwenye jua, livute kuelekea mwanga uone vitobo. Kwaruza uzi wa mshono kwa ukucha: ukikatika kirahisi, jua limeula, lakini kitambaa chenyewe kinaweza kuwa kizima na tanga likashonwa upya. Hii ni tofauti muhimu, iandike. Jaribu pia kitambaa karibu na ukingo wa nyuma, huko ndiko huchoka kwanza. Likichanika kwa mkono, kazi ya tanga imekwisha na kazi ya mifuko imeanza. Osha kwa maji baridi na sabuni laini. Dawa ya kung'arisha nguo usiitumie, hasa kwenye matanga ya nailoni, inaua nyuzi.

Mashine ya kufunga nyuma ya boti iendeshe kwenye pipa la maji safi dakika 10, uhakikishe mchirizi wa maji ya kupooza unatoka kwa nguvu. Fungua nati ya mafuta ya gia kule chini: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili. Kosa hilo hutengenezeka, lakini mpokeaji lazima alijue. Ukiwa na geji ya mgandamizo, pima kila silinda uandike namba. Silinda zinazokaribiana zinatia moyo kuliko namba kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Impela ya pampu ya maji haina bei kubwa. Ukiweza kuweka mpya, weka, na umwambie lini.

Betri ya asidi ichaji ijae, iache usiku kucha bila mzigo, kisha pima. Volti 12.6 au 12.7 ni njema, chini ya 12.4 inaanza kulalamika, ikishuka chini ya 12 peleka kwa wanaoyeyusha risasi, usimpe mtu mzigo. Kamba loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, zianike kivulini. Kamba ngumu kama fimbo, au iliyong'aa mahali pamoja kwa joto la msuguano, usiiite henza (ya kupandishia tanga) wala demani (ya kuongozea tanga) tena.

Dira nayo ina siri. Sindano huvutwa na sumaku ya dunia ikiinama kidogo, na viwanda huisawazisha kulingana na sehemu ya dunia. Dira iliyosawazishwa kwa kaskazini ya mbali inaweza kukwaruza sahani yake ikifika kusini ya mbali. Kama mpokeaji yuko upande mwingine wa dunia, mwambie kabla hajalipa usafiri. Tone la hewa ndani ya kioo ni jambo dogo, fundi huongeza mafuta.

Hatua ya tatu: vipimo, na tena vipimo

Hapa ndipo matangazo mengi hufa. "Nauza tanga zuri" halimsaidii yeyote. Anayetafuta tanga ana mlingoti wa urefu wake, na hatasafiri kuja kubahatisha.

Tanga: pima kingo zote tatu likiwa limevutwa, kila ukingo kwa mita na sentimita, na useme linashikwaje kwenye mlingoti: kwa vitelezi, kwa kamba ya ukingo au kwa vishikizo. Mashine: jina, nguvu, namba ya kiwanda (serial), na urefu wa shafti. Shafti fupi ni takriban sentimita 38, ndefu 51, ndefu zaidi 64. Mtu akichukua fupi kwa boti ya ndefu, propela itachuruza hewa. Propela: namba mbili zilizochongwa, kipenyo na hatua (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja), idadi ya mapanga, na meno ya ndani. Winchi: namba ya modeli juu yake, kipenyo cha ngoma, na nafasi za skrubu chini. Kapi, yaani roda ya kupitishia kamba: unene wa kamba unaopita.

Mnyororo wa nanga unadanganya watu wengi. Unene wa chuma peke yake hautoshi, kwa sababu gurudumu la winchi ya nanga hushika kila pete kwa urefu wake wa ndani. Mnyororo wa milimita 8 wa kipimo cha DIN 766 una urefu wa ndani wa milimita 24. Wa milimita 10 upo wa 28 na upo wa 30, na ukiuweka kwenye gurudumu lisilo lake utaruka nanga ikiwa hewani. Pima pete 10 ukizivuta, andika jumla. Pima pia unene pale pete zinaposuguana. Uzito utakusaidia kupanga usafiri: milimita 8 ni takriban kilo 1.4 kwa mita, milimita 10 ni kama kilo 2.3. Mita 30 za huo mnene si mzigo wa mtu mmoja.

Picha ziwe nne kwa kila kifaa: kizima, namba au nembo, mahali pazuri, na mahali pabaya zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouza. Weka rula kwenye picha.

Hatua ya nne: nani anakitaka?

Ningeanza na wenye boti ya modeli ileile. Kwao kifaa chako hakihitaji maelezo. Usukani, kana (mpini wa usukani), dirisha, bawaba ya mlango, vitu ambavyo kiwanda kiliacha kuvitoa zamani, kwao ni dhahabu. Baada yao waulize wanaotengeneza upya boti za zamani. Hawa hupenda shaba na mbao, na wakati mwingine hutafuta kifaa kwa miaka.

Shule za kusafiri kwa tanga, vilabu vya vijana na maskauti wa majini hupokea majaketi, kamba, kapi, mitumbwi midogo na matanga madogo. Wapigie simu kwanza. Kumbwagia mtu mzigo mlangoni siyo zawadi, ni kumhamishia stoo yako. Waulize wanahitaji nini, na ukubali wakikataa. Vyuo vya mabaharia hupokea hata vilivyokufa: redio isiyoita, injini iliyokatwa, fataki tupu za plastiki za kufundishia, kwa sababu mwanafunzi anajifunza vizuri kwa kufungua. Wavuvi wadogo watachukua nanga, minyororo, mashine za zamani zisizo na kompyuta, na kamba nene. Hao wachukue kwanza kuliko wakusanyaji, kama unataka kifaa kirudi majini wiki hiyohiyo.

Wapo pia mafundi wa mifuko na vivuli. Tanga lililochoka linawafaa kuliko jipya, kwa sababu kitambaa kimelainika.

Kuhusu bei: kifaa kizima kisicho na shughuli kubwa ya kukikagua mara nyingi hakifiki nusu ya bei ya kipya, na chenye kuhitaji kazi kiko chini zaidi ya hapo. Usikadirie thamani kwa kumbukumbu ya ulicholipa. Cha bure nacho kina tatizo lake: watu husema watakuja, hawaji. Mimi huomba mchango mdogo, hata kama nitaupeleka kwa wengine, kwa sababu aliyelipa kidogo hufika.

Hatua ya tano: tangazo

Liwe fupi na liseme kasoro mapema. Kwa mfano:

"Tanga kuu la poliesta. Ukingo wa mbele m 8.90, wa chini m 3.10, wa nyuma m 9.35. Linashikwa kwa vitelezi, 11 vipo, 1 hakipo. Kitambaa kizima. Mishono ya ukingo wa nyuma imeliwa na jua, inahitaji kushonwa upya. Limeoshwa, limekauka, halina ukungu. Uje kulifungua mwenyewe kabla ya kulipa."

Mtu akisoma hivyo anajua ampigie fundi gani kabla hajakupigia wewe. Maneno kama "kama jipya" yaache.

Hatua ya sita: kusafirisha

Kifaa kilichotoka kwenye ziwa au mto mmoja kwenda mwingine lazima kiondolewe matope, kimwagwe maji yote na kikauke kabisa, hadi ndani ya mipira na pampu. Kome wadogo waitwao kome pundamilia wameenea kutoka maji hadi maji kwa kupanda kwenye boti na vifaa vyake. Kwenye mashine, mwaga mafuta yote yaliyo ndani ya tangi na kabureta, na uilaze upande ulioonyeshwa na kiwanda. Ikilazwa vibaya, mafuta ya injini huingia mahali pasipotakiwa. Betri za asidi zisafiri zimesimama, ncha zake za kuunganishia waya zimefunikwa. Betri za lithiamu kubwa zina masharti makali kwenye ndege na posta, uliza kabla ya kufunga boksi. Mitungi ya gesi ya jiko mara nyingi ni mali ya muuzaji wa gesi, irudishwe kwake. Jiko lenyewe litoe, lakini kata ule mpira wa zamani ili asishawishike kuutumia.

Hatua ya saba: makabidhiano

Andika karatasi moja: jina la kifaa, namba ya kiwanda, tarehe, hali yake, majina yenu wawili, sahihi. Mashine za boti huibiwa sana, na karatasi hiyo humlinda anayepokea siku akiulizwa ameipata wapi. Kama una risiti ya awali, mpe nakala. Vifaa vya ramani vya kielektroniki vifutwe kumbukumbu kwanza, maana ndani mna njia zako zote, na pengine sehemu unapolaza boti usiku.

Mwonyeshe kifaa kikifanya kazi. Redio iwashwe, pampu ya ngama iwekwe kwenye ndoo, mashine inguruke. Kisha mpe vidude vidogo vyote: kitabu, funguo, skrubu za ziada. Ile winchi yangu isiyo na mwenzake ilichukuliwa na mama mmoja aliyekuwa akitafuta ya pili ya modeli hiyohiyo. Nilimfungulia mbele yake, nikamwonyesha meno na springi zinavyokaa, akafungua na kufunga mwenyewe mara mbili. Springi mbili za akiba nilizitia kwenye kikebe cha vidonge, nikakiandika juu kwa kalamu isiyofutika: mafuta mepesi, usipake grisi.